Jibu: Tilapia dume tupu na ile homoni

Kaka, umeuliza kama vifaranga wa tilapia "dume tupu" unaotaka kufuga hapo Kasarani watadhuru walaji kwa kuwa walilishwa homoni. Mimi nala bila wasiwasi. Methilitestosteroni, ndiyo hiyo homoni ya kiume, huchanganywa na chakula, kama miligramu 60 kwa kilo, na kifaranga hulishwa wiki tatu hadi nne tu, tangu anapoanza kula, kabla jinsia haijajipanga, ili hata wa kike wakue madume. Wewe utamvua miezi mingi baadaye, mwili ukiwa umeshaitoa zamani.

Taabu yote hii ni kwa sababu ya jike. Akitaga hubeba mayai mdomoni, hali chakula, hakui. Halafu bwawa linajaa vitoto vinavyogombea chakula. Dume yeye ananenepa tu.

Wazo lenyewe ni la zamani: mwaka 1953 Mjapani Toki-o Yamamoto alieleza alivyogeuza samaki medaka, madume kwa urithi, wakawa majike. Kwa homoni!

Ningehofia zaidi muuzaji anayekupa mchanganyiko wa dume na jike huku akiapa ni dume tupu. Wakifika gramu 30 hivi, pindua wachache uhesabu matundu nyuma ya tumbo: dume mawili, jike matatu.