Kioo kipya cha mbele: kikague kabla bomba la gundi halijafunguliwa

Malalamiko yanayokuja mara nyingi kwa mafundi vioo hapa Mtwara ni ya kioo kipya kilichopasuka gari likiwa limepaki. Mwenye gari anaapa hakugongwa na jiwe, na mara nyingi anasema kweli. Pitisha ukucha juu ya ufa wote. Ukikuta kishimo, hata kama punje ya mtama, hilo ni jiwe; njia ya Masasi haina uhaba wa kokoto msimu wa malori ya korosho. Lakini ufa ulioanzia ukingoni, hauna kishimo, ukajipinda na kukimbilia katikati, umetokana na kioo chenyewe au mkono wa fundi.

Wanunuzi huuliza unene. Kioo cha mbele ni vioo viwili vyembamba vilivyogandishwa kwa utando wa plastiki, kwa kawaida wa milimita 0.76, na kopi nyingi, yaani vioo vya kuiga vile vya kiwandani, hazipungui sana hapo. Kinachoshuka ubora ni mkunjo. Kioo kisipopindwa sawasawa tanurini, ukikiweka kwenye fremu pembe tatu zinakaa, ya nne inaelea. Fundi anaikandamiza, gundi inashika, kioo kinabaki kimevutwa kama upinde. Jua la saa saba likipiga, halafu mtu akawasha AC kwa nguvu, kinapasuka.

Kwa hiyo kijaribishe kikavu. Fremu ikishasafishwa, weka kioo bila gundi, kisukume taratibu kwa kiganja kwenye kila pembe. Kikicheza kama meza yenye mguu mfupi, kirudishe dukani. Angalia pia nafasi kati ya kioo na bodi kushoto na kulia: zilingane. Ukishapaka gundi, umeshakinunua.

Kabla ya hapo, ukingo. Vioo vyetu vinatoka Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 500 juu ya lori, na vingine hulazwa chali chini ya mizigo badala ya kusimamishwa. Pitisha kitambaa pembeni kuzunguka kioo chote. Kikinasa, pana jino, na ufa utaanzia hapo. Kisha mwambie mtu akishike kikiwa kimeinama kama kitakavyokaa kwenye gari, simama hatua tatu nyuma yake, tazama nguzo ya umeme kupitia kioo huku ukisogeza kichwa. Nguzo ikicheza kama nyoka mbele ya dereva, macho yatauma kabla hajafika Nangurukuru.

Halafu ule mkanda mweusi wa pembeni. Kwenye kioo kizuri umechomwa pamoja na kioo, nao ndio unaoikinga gundi na jua. Sugua kipembe kwa kitambaa chenye thina: kikitoka cheusi, hiyo ni rangi ya kupakwa. Gundi itashika rangi, rangi itabanduka kwenye kioo. Alama ya E ndani ya duara pamoja na 43R, yaani ya kiwango cha usalama cha vioo vya magari, iwepo, ila alama huchapwa na yeyote, usiishie hapo. Kioo cha mtumba cha gari la aina ile ile, ambacho ukingo wake haujaanza kuwa mweupe kama maziwa, tunakipendelea kuliko kopi mpya. Maduka hayapendi kusikia hivyo.

Lakini tusiwasingizie wauza vioo kila kitu. Silikoni inayonuka siki haifungi kioo cha mbele: inazuia maji kwa muda, inakula chuma, na haina nguvu ya kukishikilia airbag ya abiria inapofumuka na kukipiga. Tumia poliurethani ya vioo vya magari, na soma tarehe kwenye bomba. Lililokaa dukani kwenye joto likiwa gumu ukilibonyeza, limekwisha. Gundi ya zamani usiikwangue yote, bakiza milimita 1 hadi 2. Palipotokea chuma, paka praima, dawa ya kuandaa chuma kishike gundi. Kutu, ambayo magari ya Mikindani na mwambao wote wa Lindi hayakosi, iondolewe mpaka chuma king'ae, ipigwe rangi ya chini na ikauke, hata kama gari litalala gereji.

Kata mdomo wa bomba kwa umbo la V, upana milimita 8 na kimo 12, mstari utoke wa pembetatu bila kukatika. Mzunguko wa gari dogo ni kama mita 4, yaani takriban mililita 200. Bomba moja la 310 linatosha. Hiace andaa mawili. Kioo kiwekwe ndani ya dakika 10, kabla gundi haijafanya ngozi.

Funga kwa selotepu siku nzima na acha dirisha moja wazi kidogo, maana mlango ukibamizwa hewa ya ndani husukuma kioo. Kesho yake mwagia maji ya mpira bila presha, kuanzia chini kupanda juu, huku mtu ndani akipitisha tishu kavu kwenye pembe za dashibodi.