Maswali ya wasomaji: Mazda inayong'aa au Nissan yenye vumbi?

SWALI: Shikamoo fundi. Mi ni msomaji wenu wa siku nyingi ila ndio mara ya kwanza kuandika. Nimejichanga miaka minne nipate gari ya spoti, sio mpya maana uwezo huo sina, na sasa nimebaki na gari mbili kwenye yadi mbili tofauti na usingizi sipati. Ya kwanza ni Mazda RX-8 ya 2006, gia sita sio otomatiki, kilometa 58,000, nyekundu, ndani utadhani imetoka kiwandani jana. Ya pili ni Nissan 350Z ya 2007, nayo gia sita, kilometa 121,000. Bei zinakaribiana, Mazda iko chini kidogo.

Muuzaji wa Mazda ni mtu mzuri sana, nimeenda mara tatu na kila nikifika nakuta ameshaiwasha inaunguruma inanisubiri, anasema ameipasha moto ili nisipoteze muda, tunazunguka nayo dakika kumi na tano, tukirudi anaiacha hapohapo inaunguruma tunapiga stori mpaka naondoka. Nilipomuuliza kama naweza kuja na fundi akasema fundi wake ameshaikagua na karatasi anayo. Huyu wa Nissan yeye hana muda na mtu, alinipa funguo na faili la risiti akasema njoo na fundi yeyote siku yoyote. Ila gari yenyewe ina vumbi, tairi za mbele zimelika kwa ndani na pedali ya klachi inashika chini kabisa karibu na sakafu. Nina mtoto wa miaka minne lakini nyumbani kuna gari nyingine ya familia. Moyo wangu uko kwenye Mazda, na muuzaji anasema kuna mtu mwingine anaijia Jumamosi. Nisaidie mzee wangu.

JIBU: Marahaba kijana wangu. Umeandika vizuri na umeandika mambo ambayo wengi huwa wanayaacha, hilo la gari kukutwa inaunguruma ndio limenifanya niweke barua yako mbele ya zote. Wewe umeliona kama ukarimu, mimi limenishtua, na ngoja nikueleze kwa nini.

Hiyo RX-8 haina pistoni. Ina rota mbili za pembetatu zinazozunguka ndani ya nyumba yake, injini ya lita 1.3 tu lakini inapanda mpaka karibu mizunguko 9,000 na inalia kwa namna ambayo hakuna injini ya pistoni inayolia hivyo, ilipotoka 2003 ilichukua tuzo ya kimataifa ya injini bora ya mwaka na ilistahili. Mimi naipenda, nasema wazi kabisa. Lakini kwenye kila ncha ya rota kuna kipande chembamba cha chuma, ile sili ya ncha, na hicho ndicho kinachozuia upepo usivuje toka chumba kimoja kwenda kingine. Sili zikichoka kompresheni, yaani nguvu ya kubana upepo ndani ya injini, inashuka, na dalili yake ya kwanza haitokei asubuhi gari ikiwa baridi. Inatokea gari ikiwa ya moto. Umeendesha vizuri tu, umezima, umekaa dakika kumi, unarudi kuwasha, stata inazunguka, inazunguka, inazunguka na injini haishiki. Oili imekuwa nyepesi kwa joto, upepo unapita pembeni ya sili, basi.

Sasa rudi kwenye hadithi yako. Mara tatu umekwenda na mara tatu hujawahi kuisikia ile gari ikiwashwa. Hukuisikia ikiwa baridi, na hukuisikia ikiwa ya moto, kwa sababu mkirudi haizimwi. Siwezi kumhukumu mtu nisiyemjua, huenda kweli ni mkarimu, ila mtu anayeuza RX-8 yenye kompresheni mbovu angefanya vilevile alivyofanya huyu, hatua kwa hatua. Kwa hiyo ukienda tena (kama utaenda) endesha nusu saa, rudi, zima wewe mwenyewe kwa mkono wako, toa funguo, weka mfukoni, piga stori dakika kumi, halafu washa. Ikishika ndani ya sekunde mbili tatu ni dalili nzuri. Akikuzuia kuzima, hilo nalo ni jibu.

Na hata ikishika bado sio mwisho, maana kuna watu wanafunga stata yenye nguvu zaidi, gari inawaka kwa kuzungushwa haraka na ugonjwa unabaki ndani. Kitu kinachosema ukweli ni kipimo cha kompresheni, na sio kipimo chochote. Fundi wa kawaida ana geji ya injini ya pistoni, ukiichomeka kwenye rota inakuonyesha namba moja, ile kubwa kuliko zote, wakati kila rota ina pande tatu. Upande mmoja unaweza kuwa umekufa kabisa na geji ikakuambia kila kitu kizuri. Unataka mashine maalumu ya rota inayotoa namba sita, tatu za mbele tatu za nyuma, pamoja na kasi ya mzunguko wakati wa kupima. Kwa vipimo vya Mazda wenyewe injini ikizungushwa mizunguko 250 kwa dakika isishuke chini ya kilopaskali 680, pande za rota moja zisipishane zaidi ya 150, na rota kwa rota zisipishane zaidi ya 100. Sasa hiyo karatasi ya fundi wake, muombe uione. Kama haina namba sita haihusu injini hiyo, hata kama ina mhuri.

Halafu hizo kilometa 58,000. Najua zinavutia, kwenye gari nyingi ningekuambia kimbia ukalipie, ila igawe hiyo namba kwa miaka yote toka 2006 uone ni kidogo kiasi gani kwa mwaka. Maana yake ama imechezewa, ama imeishi kwa safari fupi fupi za kwenda karibu na kurudi, na injini ya rota hakuna inachochukia kama hizo, haipati joto la kutosha, masizi yanajaa, sili zinaganda. Mimi RX-8 yenye kilometa 110,000 iliyokuwa inaendeshwa safari ndefu na mtu anayejaza oili yake ningeichukua kabla ya hiyo yako. Na kujaza oili sio ugonjwa, injini ile imeundwa iwe inapuliza oili kidogo ndani kulainisha sili, hivyo mwenye nayo lazima awe mtu wa kufungua boneti mara kwa mara. Muulize muuzaji plagi na koili zimebadilishwa lini, ziko nne nne, koili ikichoka petroli isiyoungua inakwenda kupika katalisti (kile kisafishio cha moshi) kwenye eksozi na hapo unaanza gharama nyingine.

Tuje kwenye Nissan. Umeniambia mabaya yake yote kwenye mstari mmoja na hilo ndilo zuri lake, mabaya yanaonekana.

Kwanza hakikisha ni injini gani. Mwaka 2007 ndio 350Z ilipewa injini mpya, VQ35HR, lakini gari iliyoandikishwa 2007 inaweza kuwa imetengenezwa 2006 na ikawa na ile ya zamani, na za gia sita za miaka ile ya mwisho kabla ya mabadiliko zilikuwa na sifa ya kula oili. Angalia boneti, ya HR ina mwinuko katikati. Fungua boneti, utaona njia mbili za kuvuta hewa, kushoto na kulia, sio moja. Na geji ya mizunguko mstari mwekundu unaanzia 7,500. Ukiona hayo matatu tulia.

Klachi inayoshika chini ni ugonjwa unaojulikana wa HR. Silinda ya klachi kwenye hiyo injini wameiweka ndani ya kengele ya gia boksi, ile kava inayounganisha gia boksi na injini, ikianza kuvuja au kuchoka pedali inakuwa laini na inashuka. Kuibadilisha mpaka gia boksi ishuke, kwa hiyo usikubali kuibadilisha peke yake, boksi ikishashuka weka klachi nzima na beringi yake mara moja. Ndio, ni pesa, tena sio kidogo, lakini unaijua kabla hujalipa, nenda gereji upate bei ya kazi nzima halafu rudi kwa huyu mzee asiye na muda umwambie punguza kiasi hiki kwenye bei. Wauzaji wa aina hiyo mara nyingi wanakubali, hawapendi maneno mengi.

Tairi kulika kwa ndani, angalia bushi (zile raba) za mikono ya mbele, vile vyuma vinavyoshikilia tairi, hasa zile kubwa zinazoshika mkono wa chini kwa mbele, zikipasuka zinavuja kimiminika na utaona doa jeusi limejipaka. Zikibadilishwa na gari ikapimwa alaimenti tatizo linaisha. Ukiwa hapo soma tarehe ya tairi, ubavuni kuna namba nne za mwisho, 2316 kwa mfano ni wiki ya 23 ya mwaka 2016, tairi yenye umri huo kwenye gari ya nguvu hizi usiiendeshe kwa kasi hata kama kashata zake bado zimesimama. Na ujue za nyuma ni pana kuliko za mbele kwa hiyo huwezi kuzihamisha hamisha.

Kitu kikubwa zaidi kwenye HR ni presha ya oili. Kuna gasketi ndogo nyuma ya kava ya taimingi zinazochoka na kupoteza presha ndani kwa ndani, nje huoni tone. Bahati nzuri katikati ya dashibodi kuna geji tatu na moja ni ya presha ya oili. Endesha mpaka injini iwe ya moto kabisa, simama, iache sailensa, yaani inaunguruma bila kukanyaga gesi, tazama sindano, halafu kanyaga taratibu mpaka mizunguko 3,000. Sindano inatakiwa ipande nayo bila kusitasita. Ikilala chini achana nayo, hiyo kazi ni ya kufungua mbele yote ya injini.

Na hii Nissan ifuate ikiwa baridi. Fika mapema bila kupiga simu nusu saa kabla, weka kiganja juu ya boneti kabla hujamsalimia mtu, ikiwa ya uvuguvugu sema utarudi kesho. Mimi miaka ya nyuma niliuziwa gari na muuzaji mmoja ambaye kila mara nilikuta ameshaiwasha, nikalipa, asubuhi ya kwanza nyumbani ikatoa mlio wa mnyororo kama mtu anatikisa kopo la misumari, na karatasi niliyosaini ilisema imeuzwa kama ilivyo. Nilikaa nayo miezi minane nikiilipia. Ndio maana nakuandikia kwa urefu huu.

Faili la risiti usilifurahie kwa unene, lisome. Chukua kilometa zilizoandikwa kila risiti uone zinapanda kwa mpangilio, linganisha namba ya chesisi na ya kwenye gari, uone oili ilikuwa inabadilishwa kila baada ya kilometa ngapi. Fundi wako achomeke mashine ya kusoma kompyuta, asiangalie kodi tu (zile namba za hitilafu), aangalie na vile vipimo vya ndani kama vimekamilika, maana mtu akifuta kodi asubuhi vinarudi kuanza upya na vinakuwa havijakamilika. Hiyo fanya kwa gari zote mbili.

Kuhusu mtoto, vizuri umesema kuna gari nyingine. 350Z ina siti mbili basi, hakuna ujanja. RX-8 ina nne na ile milango midogo ya nyuma inayofunguka kinyume, mtoto angefurahi kweli. Kama hiyo ndiyo sababu moyo uko kule, basi tafuta RX-8 nyingine yenye namba sita mkononi, zipo. Hii yenyewe, kama muuzaji hakubali fundi wako na hakubali izimwe, mwache huyo mtu wa Jumamosi aichukue.

Ningekuwa mimi ningepeleka fundi kwenye Nissan wiki hii, ningeangalia presha ya oili kabla ya kitu kingine chochote, na ikipita ningenunua na kuipeleka moja kwa moja kwenye klachi bila hata kuipitisha nyumbani. Tuandikie ilivyokwenda.

SWALI: Habari za kazi. Nimesoma mnavyoisema RX-8 na mimi ninayo. Jana niliitoa tu kwenye maegesho nikaisogeza mita tano nioshe, nikazima. Toka hapo haiwaki kabisa na inanuka petroli. Injini imekufa?

JIBU: Pole sana, ila hapana, usiihesabu imekufa. Imejaa petroli. Ikiwa baridi inamwagiwa petroli nyingi, ukiizima kabla haijapata moto plagi zinalowa. Kanyaga pedali ya gesi mpaka mwisho na uishikilie hapo, ukifanya hivyo kompyuta inakata petroli, kisha zungusha stata isizidi sekunde kumi, pumzika stata ipoe, rudia mara tatu nne. Betri iwe imejaa, ikiwa imechoka chaji kwanza. Ikigoma toa plagi zote nne uzikaushe, zungusha bila plagi huku petroli imekatwa, rudisha. Itakapowaka itatoa moshi mwingi, usiogope, na usiizime mpaka sindano ya joto ifike katikati. Siku nyingine ukitaka kuiosha isukume kwa mikono.