Sindano za Kichina zimenipa nafuu ya pumu. Niache inhela?

Swali: Shikamoo dokta. Niko Tandahimba, nina pumu tangu utotoni, na natumia inhela mbili, ya bluu na ya kahawia. Msimu huu wa kupulizia salfa kwenye mikorosho nilibanwa sana. Mtaalamu wa tiba ya Kichina akanichoma sindano nyembamba zisizo na dawa (akupancha) mgongoni, nikasikia kifua kimefunguka. Sasa amenipa unga wa mitishamba, kasema inhela niachane nazo. Niache?

Jibu: Marahaba. Usiache, hasa hiyo ya kahawia. Ndiyo inayotuliza uvimbe ndani ya njia za hewa, na hufanya kazi ukiivuta kila siku, hata siku unazojiona mzima.

Nafuu uliyoisikia siikatai. Mwaka 2011 ulichapishwa utafiti wa Marekani ambapo wagonjwa 39 wa pumu walipewa, kwa nyakati tofauti, inhela ya salbutamol (hiyo yako ya bluu), inhela isiyo na dawa, na sindano za kuigiza zisizopenya ngozi. Zipo siku hawakupewa chochote. Walipoulizwa, walisema vyote vitatu vimewasaidia karibu sawasawa. Walipopuliza kwenye mashine ya kupima pumzi, salbutamol iliongeza hewa inayotoka katika sekunde ya kwanza kwa asilimia 20. Kwingine kote ni asilimia 7 hivi. Hapo ndipo ninapokuhofia. Unaweza kujisikia mwepesi huku njia za hewa bado zimebana, ukachelewa kufika hospitali.

Ukipenda kuendelea na sindano juu ya dawa zako, sikuzuii. Hakikisha ni mpya, zinafunguliwa mbele yako, na zisichomwe kwa kina kifuani wala mgongo wa juu: pafu likitobolewa, hewa huvuja na pafu husinyaa.

Unga usiuanze kabla hujajua una nini. Dawa nyingi za Kichina za kifua hutiwa ma huang, mmea wenye efedrini. Efedrini hupanua njia za hewa kweli, lakini hupandisha presha na kuukimbiza moyo, na salbutamol nayo huukimbiza. Marekani ilipiga marufuku virutubisho vyenye mmea huo mwaka 2004. Tena kuna unga wa "asili" uliopimwa ukakutwa umechanganywa kimyakimya na steroidi, dawa za hospitali za kutuliza uvimbe. Mpelekee mfamasia pamoja na pakiti yake.

Ila kijana wangu, salfa ndiyo inayoniuma zaidi. Vumbi lake huwasha njia za hewa hata za asiye na pumu. Wewe kushika bomba ni kujitafutia shambulio. Kitambaa cha kufunga puani hakitoshi. Mpe mwingine kazi hiyo, kaa mbali upande upepo unakotokea, na uulizie kwa bwana shamba viuatilifu vya maji vya ubwiriunga, ule ukungu wa mikorosho unaopuliziwa salfa.

Ukibanwa hadi huwezi kumaliza sentensi, vuta ya bluu mara 4 hadi 10, mpulizo mmoja mmoja, ikiwezekana kwa chemba (chombo cha plastiki kinachounganishwa na inhela), urudie kila dakika 20 mkiwa tayari njiani kwenda hospitali.