Udongo wa Kibos si udongo wa Bahati

Nimekulia Bahati, upande ule wa Nakuru ambako mvua inanyesha asubuhi na saa tisa unaingia shambani bila kutafuta gambuti. Udongo wa kule ni mwepesi, wa majivu ya volkano, unakunywa maji kama msafiri aliyefika nyumbani. Mama alikuwa anachoma shimo kwa kijiti, anatia mche wa kabichi, anashindilia kwa kidole gumba, anasonga mbele. Basi nilipohamia Kisumu kikazi, na mzee mmoja wa njia ya Kibos akanikodisha kipande cha futi hamsini kwa mia, sikuona la kuuliza. Kulima nilikuwa najua. Karibu makosa yote nitakayowasimulia yametoka hapo.

Kwanza karatasi, nisije nikasahau. Mwenzangu kazini alipalilia kunde zake mara mbili, halafu mwenye shamba akapata mnunuzi wa ardhi, na kunde zikafuata ardhi. Mimi na mzee tuliandikiana mbele ya mashahidi wawili: shilingi 4,000 kwa mwaka, na siku muda ukiisha nikiwa na kitu shambani, nipewe nafasi ya kuvuna. Hicho kipengele cha mwisho usikiache, hata kama mwenye shamba ni shemeji yako.

Nililiona shamba Februari, likiwa na nyufa zinazoweza kumeza kandambili. Huo ni udongo mweusi wa mfinyanzi: ukilowa unavimba, ukikauka unajikunja hadi unapasuka. Mzee alinishauri nisubiri mvua ya kwanza, kisha nisubiri tena. Mimi, mtoto wa Bahati, mvua ya kwanza ya Machi iliponyesha usiku, kulipokucha nilikuwa shambani na vijana wawili wa kibarua. Jembe liliinuka na udongo mzito wa kunata, ukilikung'uta halidondoshi. Tulilima hivyo hivyo. Jua lilipotoka siku mbili mfululizo, yale mabonge yakawa matofali, na mengine nilikuwa bado nayavunja kwa nyundo mwezi wa sita.

Siku hizi napima kwa kiganja. Nachota udongo wa chini kidogo, naufinya. Ukibaki bonge linalong'aa na kunata mkononi kama ugali usioiva, narudi nyumbani. Ukivunjika vipande nikiusukuma kwa kidole, hiyo ndiyo siku ya jembe, na siku zenyewe huwa chache: ukichelewa unakuta umekauka, jembe linadunda.

Kipimo cha pili ni shimo, na ningekifanya kabla hata ya kulipa kodi. Chimba mpaka gotini, jaza maji, yaache yazame, jaza tena, halafu ulale. Kwa mama kule Bahati ungerudi na chai mkononi ukute shimo tupu. Kibos nilirudi asubuhi yake nikakuta maji yananitazama, na chura mmoja ameshahamia. Hapo ndipo ningepaswa kujua kwamba msimu huu adui wangu hatakuwa ukame. Lakini shimo hilo nilichimba Mei, baada ya hasara.

Hasara yenyewe ilikuja Aprili. Nilikuwa nimepanda nyanya upande wa juu na pilipili hoho kwenye pembe ya chini, zote kwenye ardhi tambarare, kwa mistari iliyonyooka ajabu, nilipiga hata picha. Mvua ilinyesha siku tatu. Pembe ya chini ikawa bwawa, maji yakakaa wiki nzima, na hoho zikageuka manjano kuanzia chini, kisha zikaoza mizizi. Mmea unazama kama mtu: mizizi inataka hewa, na udongo uliojaa maji hauna hewa.

Dawa yake ni matuta. Yangu nilitengeneza upana wa mita moja, ili nifike katikati kwa mkono bila kukanyaga, na kimo cha shubiri moja au zaidi kidogo, na mifereji katikati inayoshuka kuelekea bondeni. Ndani ya matuta nilichanganya samadi iliyokaa miezi mitatu na maganda ya mpunga, ambayo huku si shida kuyapata kwa sababu ya vinu vya Ahero. Maganda hayo yanaulegeza mfinyanzi, ila yanaoza polepole na yakioza yanakula naitrojeni ya mimea yako, kwa hivyo yasiende peke yake bila samadi. Na samadi mbichi kutoka zizini usiiguse: inaunguza miche, na inakuletea mbegu za kila nyasi ng'ombe aliyokula.

Ndago tayari nilikuwa nazo za kutosha. Mwanzoni nilizikata kwa jembe, nikafurahi, na baada ya wiki zikarudi zimeongezeka. Kila ndago ina vijiazi chini, vimeungana kama shanga, na jembe linakata uzi na kusambaza shanga. Zing'oe kwa jembe la meno udongo ukiwa na unyevu, okota vijiazi kimoja kimoja, vianike juu ya jiwe. Ni kazi ya kuchosha na sina njia ya mkato ya kukupa. Nilichofanya cha busara, kwa bahati tu, ni kuishiwa pesa za vibarua: nusu ya shamba ilibaki bila kulimwa, na hiyo nusu niliyolima ndiyo niliyoweza kuipalilia.

Sasa nyanya. Zile za upande wa juu zilinusurika mafuriko, zikapendeza, zikaanza kutoa maua. Asubuhi moja mwishoni mwa Mei nikakuta tatu zimelegea kama zimemwagiwa maji ya moto, majani bado ya kijani kabisa. Nikafikiri ni kiu, nikamwagilia. Kesho yake zilikuwa saba. Nikaenda dukani kwa wauza dawa za kilimo, nikauziwa chupa ya dawa ya ukungu, nikapulizia. Kesho yake kumi na moja.

Mama anayelima ng'ambo ya mfereji alikuwa akiniangalia siku zote hizo bila kusema neno. Siku hiyo akavuka. "Nyathina," akaniambia, yaani mwanangu kwa Kijaluo, "hiyo hela ungenunua sukari." Akang'oa shina moja, akalikata karibu na mzizi kwa kisu cha mboga, akaniomba ile chupa yangu ya maji ya kunywa iliyokuwa imebaki nusu, akaning'iniza kile kipande ndani. Tukasimama. Baada ya dakika chache nyuzi nyeupe kama maziwa zikaanza kushuka kutoka kwenye shina ndani ya maji. Ni bakteria. Ni mnyauko wa bakteria, unaoishi udongoni, na hakuna dawa ya chupa inayoutibu. Unang'oa mgonjwa na mizizi yake, unamtoa shambani kabisa, na unasafisha jembe kabla halijaenda kwenye tuta lingine.

Nikamwambia, sawa mama, hapo nitapanda managu. Akacheka kwa sauti. Na kosa hili nimeliona kwa watu wengi wanaojua kulima kuliko mimi: managu, nyanya, viazi mbatata, biringanya na hoho ni ndugu wa ukoo mmoja, na ugonjwa wa mmoja huwafuata wengine. Kubadilisha nyanya kwa managu ni kumhamishia mgeni chumba cha pili cha nyumba ile ile. Pale panahitaji kunde, saga, mrenda au mahindi, kwa misimu kadhaa.

Kwa hiyo nilianza kulima mboga ambazo, niseme kweli, nilikuwa nimezidharau. Nilikuja Kibos na ndoto ya makreti ya nyanya. Akeyo, apoth na boo, yaani saga, mrenda na kunde, niliziona kama mboga za kuota zenyewe. Haziko hivyo.

Saga haipendi kuhamishwa, mzizi wake unashuka moja kwa moja, kwa hivyo mbegu zinaenda tutani siku ya kwanza, juu juu, zikifunikwa kidogo sana. Mbegu zilizovunwa juzi hazitakuotea vizuri, zinataka kupumzika miezi kadhaa. Ukinunua za kijiko pale sokoni Kibuye, muulize mama ni za msimu gani, na kama ni muungwana atakuambia. Mrenda ndio uliniaibisha: nilipanda mara mbili, nikapata miche minne. Ganda la mbegu ni gumu. Unazifunga kwenye kitambaa, unachovya kwenye maji yaliyotoka kuchemka kwa kuhesabu hadi kumi, unazitoa, unazikausha kivulini, unapanda. Mara ya tatu ziliota kama nywele. Mbegu za managu ni ndogo kama vumbi, zichanganye na mchanga au jivu ili zisiangukie mahali pamoja. Nilizipanda kwenye tuta ambalo halikuwahi kuona nyanya.

Wiki kadhaa baadaye nilikuwa nachuma. Ukiona saga inataka kutoa maua, ikate kichwa ichipue pembeni, la sivyo itakimbilia mbegu na kukuachia majani madogo machungu. Huyo mama alinifundisha pia kuilaza kwenye maziwa usiku kucha, lakini hiyo ni habari ya jikoni.

Sukuma wiki nilipanda kwa sababu siwezi kuishi bila sukuma. Kisumu iko chini kuliko Nakuru kwa mamia ya mita na joto lake ni lingine, na vidukari wanalipenda joto hilo. Kwa mama Bahati tuliwaona wakati wa kiangazi kikali tu. Huku wanajaa chini ya majani Julai yote. Nilitumia maji ya sabuni kidogo, jioni, nikilenga upande wa chini wa jani, na majani yaliyojaa nikayakata. Mara moja nilinunua dawa kali zaidi. Muuzaji akasema nichume baada ya siku tatu. Nilipofika nyumbani nikavaa miwani na kusoma karatasi ya chupa: siku 14. Soma mwenyewe, na kama maandishi ni madogo mno, mpe mtoto akusomee.

Mvua zilipopungua niligundua kwamba udongo niliokuwa nikiutukana una wema wake. Nilitandaza nyasi kavu juu ya matuta, nene, na chini yake unyevu ulikaa. Nilibeba mitungi miwili ya lita 20 mara mbili kwa wiki, na vipande hivyo vilikuwa hai. Bahati ingetaka maji kila jioni. Pale nisipotandaza nyasi, nyufa zilifunguka na kukata mizizi ya sukuma.

Mzee alipita Septemba kuuliza kama naendelea. Nililipa mwaka wa pili, na ile nusu isiyolimwa nimeanza kuifungua tuta moja moja. Pembe ya chini sitaiwekea matuta tena. Nimeuacha mfereji mkubwa uishie hapo, maji yatuame yanavyotaka, na wiki iliyopita nimepanda nduma.