Acheni kuniuliza natumia biti gani ya kutobolea

Juzi ujumbe umeingia tena: "Dada, kombe zako unatobolea keekee ipi? Mimi zinanipasukia." Natengeneza mikufu ya kombe, yale magamba ya baharini, na leo najibu hadharani. Mimi sitoboi. Fundi ni konokono wa baharini, mdogo, mweupe pe, kitaalamu Polinices mammilla. Linnaeus, mwanasayansi wa Uswidi, ndiye aliyempa hilo jina la mammilla mwaka 1758.

Huyu mnyama mla nyama hutambaa chini kwa chini ndani ya mchanga. Akimpata mnyama aishiye ndani ya kombe humfumbata kwa mguu wake mpana, huachia asidi inayolainisha gamba, kisha hukwangua kwa ulimi wenye meno madogo madogo. Asidi, kukwangua, asidi, kukwangua, saa na saa. Tundu likitokeza ndani, huingiza mdomo akala taratibu.

Litazameni hilo tundu kwa karibu: nje pana, ndani jembamba, ukingo umelala mteremko laini. Biti ya kawaida haitoi ukingo huo.

Nilipeleka mikufu yangu ya kwanza duka moja la watalii. Mwenye duka akanirudishia mbele za wateja: "Hizi zimeliwa na wadudu." Bado inaniuma, sifichi. Sasa yeye mwenyewe kanipigia kuulizia bei. Nikamtajia ya juu.

Wadogo zangu, tatizo letu ni pupa. Mnataka mkufu leo, pesa leo, sifa leo. Bahari haifanyi kazi hivyo! Ngojeni bamvua, siku za maji kujaa na kupwa sana; maji yakikupwa mfuate mstari wa takataka pale yalipofika mwisho, muiname mtafute kombe zenye tundu. Muiname kweli, siyo kupitapita na simu mkononi. Tundu lililoishia njiani liacheni. Uzi uingie kwa upande mpana, hautakwama.

Mkimwokota fundi mwenyewe, mgeuzeni. Mdomo ukiwa na kifuniko chembamba cha kahawia, yu hai, arudi mchangani. Na ule mviringo wa mchanga kama ukosi wa shati, mnaoupiga teke mkidhani ni uchafu, ni mayai ya jamaa zake. Mnakanyaga mafundi wa kesho halafu mnanililia kombe hazipatikani! Subira, jamani, na macho.

Keekee yako usiiuze, dada. Vifuu vinatoboka vizuri tu, na herini za vifuu zinatoka.