Valvu ya pili ya tarumbeta imekwama: tusugue kwa msasa?

SWALI: Tarumbeta la bendi yetu ya kanisa lilianguka. Tangu hapo valvu ya pili ukiibonyeza inashuka, lakini hairudi juu mpaka uivute. Tumeweka mafuta ya cherehani, hakuna nafuu. Fundi mmoja anashauri tusugue pistoni (kile chuma kinachopanda na kushuka ndani ya valvu) kwa msasa laini. Tukubali?

JIBU: Msasa hapana. Nafasi kati ya pistoni na silinda yake, yaani bomba linaloizunguka, ni ndogo kuliko unene wa unywele. Ukishaipunguza pistoni kwa msasa, unene wake haurudi. Hewa itavuja na noti za juu zitakuwa ngumu kupiga. Tena huenda pistoni haina kosa lolote.

Angalieni slaidi ya pili, lile bomba fupi linalochomoza upande wa kulia wa mpigaji. Tarumbeta likiangukia upande huo, bomba linausukuma ukuta wa silinda kwa ndani. Ndiyo maana valvu ya pili huumia mara nyingi kuliko ya kwanza na ya tatu.

Pimeni hivi. Fungueni kifuniko cha juu, muishike pistoni kwa kitufe chake na kuipandisha na kuishusha. Ikiteleza vizuri, mshikio wa kitufe (kijiti kinachokiunganisha na pistoni) umepinda na unasugua kifuniko. Hilo ni jambo dogo. Ikikwama bado, legezeni kifuniko cha chini nusu mzunguko, maana kikifungwa upande huweza kubana silinda. Bado? Itoeni pistoni, muioshe pamoja na silinda kwa maji ya uvuguvugu na sabuni ya vyombo (ya moto sana huharibu vanishi), mkaushe. Ondoeni kifuniko cha chini, kisha ingizeni pistoni kavu kutokea chini, kitako kikitangulia. Msilazimishe. Inapogoma, wekeni alama kwa nje. Alama ikiwa usawa wa bomba la slaidi, silinda ndiyo imebonyea.

Hapo mpelekeeni fundi wa ala za kupuliza. Atalivuta bomba lirudi mahali pake, kisha apitishe ndani ya silinda chuma cha mviringo chenye kipimo chake halisi. Msijaribu kwa bisibisi na nyundo. Wala msiinyooshe springi ili isukume kwa nguvu zaidi: vidole vitachoka na kasoro itabaki palepale.

Mafuta ya cherehani ni mazito kwa kazi hii. Tumieni ya valvu, matone 3 au 4. Kabla ya kumlipa fundi, chomoeni slaidi ya pili haraka bila kubonyeza valvu. Ikilia “pop”, hewa haivuji.