Ya mwanao na kuruka Forodhani

Dada yangu, umeuliza mwanao wa miaka 14 kapatwa na nini: nyumbani mpole, akifika Forodhani na wenzake anaruka baharini hata maji yakiwa yamekupwa.

Si ukaidi tu. Sehemu ya ubongo iliyo nyuma ya paji la uso, inayopima hatari na kuzuia pupa, hukomaa mwisho, mtu akiwa na umri wa miaka kama 25. Ile ya raha na msisimko imeshachangamka kitambo, na wenzake wakimtazama huchangamka zaidi.

Usimpige, nakuomba. Kaeni baada ya Isha, umuulize yeye: maji yakipwa kina kinabaki kiasi gani? Mwache afikiri, ajibu mwenyewe. Kisha mkubaliane aruke maji yakijaa tu.